Kinundu cha shingo: mkono, sindano, kunyoosha au mazoezi?

Kila ofisi ina mtu anayegeuka mwili mzima akiitwa kwa nyuma. Kwa karibu miaka miwili mtu huyo nilikuwa mimi. Nahariri maandishi kwenye kompyuta, na kinundu changu kiko upande wa kulia, kati ya shingo na ncha ya bega, pale pale mkanda wa mkoba unapolala. Ukikibonyeza, maumivu hayatulii hapo. Yanapanda ubavu wa shingo, yanazunguka nyuma ya sikio na kutua kwenye panja, kando ya jicho. Nilimeza panadoli za kichwa miezi mingi kwa shida iliyokuwa begani.

Siku nilipoamua kutafuta tiba ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Dada yangu alisema nikachuliwe. Mwenzangu kazini alikuwa ametoka kuchomwa sindano zisizo na dawa, akawa anageuza shingo kama bundi. Fiziotherapisti wa kwanza niliyemwona alinipa mazoezi ya mpira wa kuvuta na kuniaga baada ya robo saa, nikahisi nimepunjwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wote watatu walikuwa na hoja, ila kila mmoja alikuwa akizungumzia muda wake: mmoja leo usiku, mwingine wiki hii, mwingine miezi miwili ijayo. Ukisoma ulinganisho huu, lishike hilo, maana tiba hizi zinatofautiana zaidi kwa wakati kuliko kwa nguvu.

Kinundu chenyewe

Ni sehemu ndogo ya msuli iliyojikaza, imelala ndani ya uzi mgumu unaouhisi ukiukatiza kwa kidole kama unavyokatiza nyuzi za gitaa. Mafizio wanaiita triga pointi. Jina hilo lilienezwa na daktari wa Marekani, Janet Travell, yule yule aliyemtibu Rais John F. Kennedy Ikulu kuanzia 1961 na kumshauri atumie kiti cha kubembea kwa ajili ya mgongo wake. Yeye na mwenzake David Simons walichora ramani za misuli na mahali kila mmoja unapotupa maumivu. Msuli wa juu ya bega hutupa kwenye panja. Msuli unaoinua mfupa wa bega huifanya shingo igome kugeuka, ile hali tunayoiita kulalia vibaya. Ule wa kando ya shingo, unaotokeza ukigeuza kichwa, huleta maumivu ya paji la uso na hata kizunguzungu. Vijisuli vya chini ya kisogo hubana kichwa kama kilemba kilichokazwa.

Kwa nini msuli ujikaze na usijifungue? Maelezo ya Simons ni haya: pale neva inapogusa msuli, kemikali inayouamuru ukaze humwagika kupita kiasi. Nyuzi hubaki zimejikunja na kubana mishipa midogo ya damu, oksijeni ikapungua. Sasa msuli unahitaji nishati ili ulegee (ndiyo, kulegea nako kuna gharama), na nishati hiyo hauna. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Jay Shah walichota majimaji kwa sindano nyembamba ndani ya vinundu vya bega vinavyouma, wakakuta tindikali na kemikali za maumivu kwa wingi kuliko kwenye misuli isiyouma.

Si wote wanaokubali. Mwaka 2014 Mwaustralia John Quintner na wenzake waliandika kwamba nadharia hii haijathibitishwa na kwamba huenda chanzo ni neva zenyewe. Pia wataalamu wawili wakipewa shingo moja mara nyingi hawakubaliani kinundu kiko wapi. Kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba "atakivunja" kinundu chako, ametangulia mbele ya sayansi.

Kwanza hakikisha ni msuli

Hapa sitanii. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma, hasa mwanga ukikuumiza macho, ni safari ya hospitali leo hii; inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Ganzi au udhaifu unaoshuka mkononi, miguu inayoyumba, au mkojo unaotoka bila ruhusa unataka daktari kabla ya mtu yeyote kukugusa shingo. Vivyo hivyo ajali, hata ile ya bodaboda uliyoinuka na kujipangusa vumbi. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa shingo pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili au ulimi mzito ni dharura. Maumivu ya usiku yasiyojali umelalaje, pamoja na jasho na kupungua uzito, yanamfanya daktari wa kwetu afikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo miongoni mwa mengine. Na maumivu yanayokuja ukipanda ngazi na kupoa ukisimama, yakigusa taya au mkono, yapelekwe kwa daktari wa moyo kwanza.

Ukiwa huna hata moja kati ya hayo, endelea.

Tunapima kwa lipi

Kila tiba nimeiuliza maswali sita yale yale: inafanya nini, unajisikiaje siku hiyo na kesho yake, nini kinabaki baada ya wiki kadhaa, hatari yake ni ipi, mfuko na upatikanaji ukoje, na inamfaa nani. Swali la tatu ndilo watu wengi husahau kuuliza wakiwa wamelala kitandani kwa fizio.

1. Kubonyezwa kwa mkono

*Inafanya nini.* Fizio anakitafuta kinundu na kukibonyeza kwa kidole gumba, polepole, mpaka ufike kwenye maumivu unayoweza kuyavumilia, tuseme sita au saba kati ya kumi. Anatulia hapo sekunde 30 hadi 90, akisubiri yashuke yenyewe. Yakishuka, anazama kidogo zaidi. Zamani walibonyeza kwa nguvu sana kwa wazo la kuzuia damu ili baadaye irudi kwa kasi. Simons mwenyewe alikuja kusema hakuna haja, msuli huo tayari una njaa ya oksijeni. Tofautisha na kuchua. Anayekuchua anapita juu ya msuli wote kwa mafuta, na ni raha, lakini anaweza kupita juu ya kinundu chako mara ishirini bila kukisimamia hata mara moja.

*Siku hiyo na kesho yake.* Nafuu huja ukiwa bado umelala, na shingo hugeuka zaidi kabla hujavaa shati. Kesho yake unauma kama mtu aliyelima. Ukiamka na alama za vidole zilizovilia damu, umebonyezwa kupita kiasi.

*Baada ya wiki.* Mwaka 2014 lilitoka jaribio la Hispania lenye watu 94 wenye maumivu sugu ya shingo. Nusu walibonyezwa kwa mkono, nusu walichomwa sindano kavu, mara mbili kila mmoja. Baada ya wiki mbili maumivu yalikuwa yameshuka kwa kiasi kinachofanana. Waliochomwa sindano walistahimili mgandamizo zaidi, lakini kwa maumivu yenyewe na uwezo wa kugeuka hakukuwa na tofauti ya kujivunia. Kwangu mimi, mkono ulinipa siku tatu nne, kisha kompyuta ikadai chake.

*Hatari.* Ndogo, mradi mtu asibonyeze mbele ya shingo, mahali mshipa mkubwa wa damu unapodunda. Msuli wa kando ya shingo hushikwa kwa vidole viwili na kuvutwa kidogo nje, haubonyezwi kuelekea ndani. Na kwa kuwa tumefika hapa: ile huduma ya kinyozi ya kumalizia kwa kukushika kidevu na kukuvunja shingo "kaa!" siyo tiba ya kinundu. Kugeuza shingo kwa ghafla kunaweza, kwa nadra, kuchana mshipa wa damu unaopanda ubongoni. Mwambie akupake spiriti aishie hapo.

*Mfuko na upatikanaji.* Kila fizio anaijua, kuanzia hospitali za rufaa za mikoa hadi zahanati binafsi. Kinachokula pesa ni kurudi. Lakini hii ndiyo tiba inayohamishika nyumbani kwa urahisi kuliko zote: mpira wa tenisi kati ya bega na ukuta, au bakora ya babu yenye mpini uliojikunja. Tundika mpini juu ya bega, vuta chini kwa mikono yote miwili, hesabu taratibu mpaka sitini. Nimejaribu vifaa vya dukani vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Bakora haina cha kuvionea wivu.

*Inamfaa nani.* Mwenye maumivu mapya, mwoga wa sindano, mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda (mradi ibonyezwe kwa upole), na yeyote anayetaka kitu cha kujifanyia mwenyewe saa nne usiku.

2. Sindano kavu

*Inafanya nini.* Inaitwa kavu kwa sababu haina dawa wala tundu. Unene wake ni kama milimita 0.25 hadi 0.30, wakati sindano ya kawaida ya hospitali ya namba 21 ina milimita 0.8. Travell alikuwa akipiga ganzi ndani ya vinundu. Kisha mwaka 1979 Mcheki Karel Lewit akaandika kwamba sindano yenyewe, ikifika mahali penyewe, inafanya kazi hata bila dawa: kati ya sehemu 312 za maumivu alizozichoma, karibu asilimia 87 zilipoa papo hapo. (Hakuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo zichukue namba hizo kama ushuhuda wa mtaalamu na si hukumu.) Fizio hushika msuli kwa vidole, huchoma, na kutafuta mruko mdogo wa msuli, kama samaki anapogusa ndoana. Ukiusikia mara ya kwanza utashtuka.

Watu huuliza kama hii ni tiba ya Kichina. Sindano zinafanana, ramani hazifanani. Wachina hufuata njia za nguvu mwilini. Fizio hufuata mahali kidole kinapokuta uzi mgumu.

*Siku hiyo na kesho yake.* Mruko unauma, lakini ni kwa sekunde. Baadaye eneo huwa zito na kuuma kati ya siku moja na tatu, wengine zaidi kuliko walivyoingia. Usipange kuchomwa Ijumaa asubuhi halafu ukapige ngoma harusini jioni. Baada ya hapo, kwa wengi, shingo hulegea kwa namna ambayo mkono hauipati kirahisi, hasa kinundu kikiwa kimejificha ndani.

*Baada ya wiki.* Hapa sifa zake huwa zinatangulia ushahidi. Mwaka 2020 watafiti wa Brazil waliwapa watu 116 wenye maumivu sugu ya shingo fiziotherapia ya kawaida. Nusu wakaongezewa sindano kavu, nusu hawakuongezewa. Kuongeza sindano hakukuleta faida ya kuonekana. Haimaanishi sindano haifanyi kitu. Maana yake ni kwamba aliyekwisha kupata mkono mzuri na mazoezi mazuri huenda asiione tofauti.

*Hatari.* Utafiti wa Ireland uliotoka 2014 ulifuatilia mafizio 39 na matibabu 7,629. Madhara madogo, yaani kuvilia, kutoka damu kidogo na maumivu, yalitokea katika kama asilimia 19. Kubwa halikutokea hata moja. Lakini kubwa lipo na limewahi kuripotiwa kwingine: kutoboa pafu. Kilele cha pafu kinapanda juu kidogo ya mtulinga, chini tu ya msuli ule ule unaochomwa zaidi. Ukichomwa begani, kisha saa chache baadaye ukapata kichomi, kikohozi kikavu au pumzi fupi, nenda hospitali na useme wazi kwamba umechomwa sindano begani. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye kinga dhaifu na mjamzito waseme mapema. Sindano lazima itoke kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako, na iishie kwenye boksi la taka zenye ncha.

*Mfuko na upatikanaji.* Sindano kavu hujifunzwa kwa kozi ya ziada baada ya chuo, kwa hiyo utaipata zaidi mijini: Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa. Ukimwuliza mtaalamu amejifunza wapi na huwa anachoma shingo mara ngapi, hujamkosea adabu. Kenya ina sheria ya mafizio ya 2014 iliyounda baraza la kuwasajili, na leseni huwa ukutani. Popote ulipo, kama hakuna leseni ukutani, iombe.

*Inamfaa nani.* Mwenye kinundu cha muda mrefu kilichokataa mkono, asiye na hofu ya sindano, aliye karibu na mtaalamu aliyefunzwa. Pia mtu anayehitaji kufunguka haraka ili aweze hata kuanza mazoezi.

3. Kaza-legeza

*Inafanya nini.* Ni kunyoosha kwa ujanja. Badala ya kuuvuta msuli, unaukaza kwanza. Kwa msuli wa juu ya bega la kulia: kaa, peleka sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto mpaka uhisi mvutano wa kwanza, weka kiganja cha kushoto kando ya kichwa upande wa kulia. Sasa sukuma kichwa kuelekea kiganja kwa nguvu kidogo sana, moja ya tano ya uwezo wako, huku kiganja kikizuia. Hesabu mpaka saba au kumi. Vuta pumzi, ishushe, legeza kila kitu. Kichwa kitashuka chenyewe kidogo zaidi. Hapo paliposhuka ndipo unapoanzia tena, mara tatu hadi tano. Kwa msuli unaoinua mfupa wa bega, tofauti ni kwamba unaangalia kwapani.

Lewit, yule wa sindano, alikuwa pia mpenzi wa njia hii. Mwaka 1984 yeye na Simons waliandika kuhusu wagonjwa 244: nafuu ya papo hapo katika asilimia 94 ya misuli waliyoitibu, nafuu iliyodumu katika asilimia 63. Tena bila kundi la kulinganishia, kwa hiyo tahadhari ile ile.

*Siku hiyo na kesho yake.* Ni tiba ya upole kuliko zote hapa. Hakuna maumivu ya kesho yake ya kuzungumzia, isipokuwa kwa wale wanaodhani kukaza ni kupigana mweleka na mkono wao.

*Baada ya wiki.* Anayeifanya kila siku hubaki na shingo inayogeuka. Anayesubiri afanyiwe na fizio mara moja kwa wiki hurudi alikotoka. Msuli unapata urefu, haupati nguvu.

*Hatari.* Karibu hakuna, ukikumbuka kutorudisha kichwa nyuma kwa nguvu na kuacha ukihisi kizunguzungu au ganzi.

*Mfuko.* Somo moja zuri linatosha. Kiganja unacho.

*Inamfaa nani.* Mzee, mwenye maumivu makali ya siku mbili tatu za kwanza asiyetaka kuguswa sana, na dereva wa daladala anayesubiri zamu kituoni.

4. Mazoezi ya nguvu

*Inafanya nini.* Hayakigusi kinundu kabisa, na hapo ndipo watu wanapoyadharau. Yanaongeza uwezo wa msuli kubeba mzigo wa siku, ili kazi ile ile ya saa nane iwe sehemu ndogo ya nguvu zake. Zoezi lililofanyiwa utafiti sana ni kuinua mikono pembeni hadi usawa wa bega huku ukivuta mpira wa mazoezi uliokanyagwa. Kama huna mpira, mkanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ule ule wa manati, unafaa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu kila mkono ni kama kilo moja na nusu. Fizio huweza kuongeza zoezi la misuli ya mbele ya shingo: umelala chali, unavuta kidevu ndani polepole kana kwamba unasema "ndiyo" kwa siri.

*Siku hiyo na kesho yake.* Siku hiyo hupati kitu. Wiki ya kwanza unaweza kuuma zaidi. Ndiyo maana nilihisi nimepunjwa.

*Baada ya wiki.* Hapa picha inageuka. Mwaka 2011 Lars Andersen na wenzake wa Denmark walichapisha jaribio la watu 198 wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Kundi moja lilifanya zoezi hilo la mpira dakika 12 kwa siku, jingine dakika mbili tu, siku tano kwa wiki, kwa wiki kumi. Kundi la tatu lilipata taarifa za afya tu. Ukilinganisha nalo, maumivu ya kundi la dakika mbili yalishuka kwa kama pointi moja na nusu kati ya kumi, na ya dakika 12 kwa karibu mbili. Dakika mbili! Chai inachukua muda mrefu zaidi kupoa.

Finland walikuwa wametangulia. Mwaka 2003 Jari Ylinen na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 180 wa kazi za ofisini waliofuatiliwa mwaka mzima. Nafuu kubwa au kupona kabisa walikupata asilimia 73 ya waliofanya mazoezi ya nguvu, asilimia 59 ya waliofanya ya ustahimilivu, na asilimia 21 ya walioshauriwa kujinyoosha na kufanya mazoezi ya pumzi kama kutembea. Lakini angalia pia: wenye mazoezi walianza na kambi ya siku 12 chini ya wasimamizi. Peke yako sebuleni, watoto wakikupandia mgongoni, usitarajie namba zile zile.

*Hatari.* Kuanza na uzito mkubwa. Ukiona mabega yanapanda masikioni unapoinua mikono, mzigo umezidi, na unakilisha kinundu kile kile unachotaka kukiponya.

*Mfuko.* Ndiyo tiba rahisi kwa shilingi na ghali kwa nidhamu.

*Inamfaa nani.* Mwenye maumivu yanayorudi rudi, fundi cherehani, mhasibu, mwanafunzi wa chuo, kila ambaye kazi yake haibadiliki. Haimfai, kwa siku hizo chache, mtu ambaye hawezi hata kuinua mkono kwa maumivu.

Na mashine je? Na hijama?

Nitapita haraka. Joto, iwe pedi ya umeme au taulo la maji ya moto, ni zuri kabla ya tiba yoyote kati ya hizi na halidai kuwa zaidi ya hapo. Mashine ya TENS, inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi, hupunguza maumivu ikiwa imewashwa. Ultrasaundi ya tiba haijaonyesha faida ya maana kwa vinundu, na ukiona zahanati inakulaza chini yake dakika kumi, inakutoza, na hakuna anayekugusa wala kukufundisha kitu, badilisha zahanati. Leza ya nguvu ndogo ina ushahidi bora kidogo, uchambuzi wa 2009 ulikusanya majaribio 16 yenye watu 820, ila kuipata ni kazi.

Hijama si fiziotherapia, lakini pwani swali hili haliepukiki. Kuumika kwa vikombe bila kuchanja huwapa wengine nafuu ya muda. Kwa kuchanja, angalia wembe na vikombe kama unavyoangalia sindano: vipya, au usikae. Kisha ukumbuke kwamba chuku, pembe ya kuumikia, ndiyo hiyo hiyo tunayoisema mtu akitia chumvi, na baadhi ya wanaoitangaza mitandaoni wanazipiga zote mbili.

Kwa hali yako

Umeamka leo shingo haigeuki, jana ulikuwa mzima: joto, kaza-legeza mara tatu kwa siku, na mkono mwepesi kama upo karibu. Mara nyingi wiki haiishi kabla haijafunguka. Sindano inaweza kusubiri.

Una safari, mtihani au harusi ya kusimamia ndani ya siku mbili: mkono. Sindano inaweza kukulipa maumivu siku ile ile unayotaka uwe mzima, na mazoezi hayatawahi.

Una kinundu cha mwaka mzima, umekwisha kuchuliwa na kila mtu mtaani: hapa sindano kavu kwa mtaalamu aliyefunzwa ina hoja, mara mbili hadi nne, lakini ingia ukiwa umeshapewa mazoezi ya kuanza siku maumivu ya sindano yanapoisha. Siku hizo za kulegea ni chache. Ukizitumia kulala tu, zinakwisha.

Uko mbali na mji, fizio yuko hospitali ya wilaya na nauli ni ya kuhesabu: nenda mara moja, omba akuonyeshe kwa kidole chako mwenyewe kinundu kilipo, akufundishe kaza-legeza na zoezi la mpira, na mwombe akuandikie kwenye karatasi. Rudi baada ya wiki sita. Bakora na tyubu vitashika zamu. Kama una bima, uliza kabla inalipia fiziotherapia mara ngapi, ili mara hizo uzitumie kwa mkono au sindano na si kwa ultrasaundi.

Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ni mjamzito: mkono mwepesi, kaza-legeza na mazoezi, na fizio ajue hali yako kabla hajakugusa.

Unaogopa maumivu yenyewe kuliko kitu kingine: anza na kaza-legeza, ongeza dakika mbili za mpira wiki ya pili. Usione aibu kumwambia fizio aache. Tiba ya kinundu haipimwi kwa machozi.

Na kwa yeyote kati ya hawa: ukifika mara ya nne kwa tiba ile ile na hakuna kilichobadilika, si maumivu wala kugeuka wala usingizi, usilipie ya tano. Omba upimwe upya shingo, mabega na mikono, maana huenda kinachouma hakikuwa kinundu tangu mwanzo.